Kinacholiwa na Breki

Wako waulizao, tangu baiskeli za mbio za barabarani zilipoanza kufungwa breki za diski, pedi za breki hizo hudumu kwa muda gani, na aulizaye aghalabu hutaka ajibiwe kwa tarakimu moja ya kilomita, iliyo yakini na isiyobadilika. Naye akiambiwa kwamba jozi moja yaweza kwenda kilomita 1,000 na nyingine ikafika 5,000 na kuzidi, na kwamba iko siku moja ya mvua na matope iwezayo kuimaliza jozi mpya kabla ya jua kuchwa, hudhani amefanyiwa mzaha. Walakini jawabu hilo ni la kweli, na sababu yake haifahamiki vyema mpaka mtu aitazame tarehe ya breki tangu asili yake, kwa kuwa kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano, na msuguano hauna budi kula kitu, na kila zama katika miaka hii 200 na zaidi zimekuwa zikiamua, pengine kwa kujua na pengine kwa kubahatisha, ni kiungo gani cha baiskeli kitakachotolewa kiliwe. Zama za kwanza zilitoa tairi. Zama za pili, zilizokuwa ndefu kuliko zote, zilitoa ringi. Na hizi zetu zimetoa kipande kidogo kisichojaa kiganjani, ambacho watu hukilaumu kwa kuisha upesi, ilhali kuisha ndiko kulikokusudiwa kilipoundwa.

Karl Drais wa Mannheim, katika nchi ya Wajerumani, alipotoa mwaka 1817 chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho mpandaji alikiendesha kwa kuisukuma ardhi kwa miguu yake mwenyewe, miguu ile ile iliyokipa mwendo iliweza kukisimamisha, na breki haikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Taabu ilianza katika miaka ya 1860 huko Paris, katika karakana ya Pierre Michaux, pedali zilipotiwa katika gurudumu la mbele, miguu ikaondoka ardhini na mwendo ukazidi. Ndipo ilipobuniwa breki ya kipande cha chuma mfano wa kijiko, kilichokandamizwa juu ya gurudumu la nyuma kwa kamba iliyokazika pale mpandaji alipouzungusha usukani mikononi mwake. Gurudumu lenyewe lilikuwa la mbao lililovishwa ukanda wa chuma, na chuma juu ya chuma hushikana kidogo, hasa penye unyevu, kwa hiyo hakuna kilicholiwa sana wala hakuna kilichosimama upesi.

Zilipokuja zile baiskeli ndefu za miaka ya 1870, zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, kijiko kilihamia mbele, juu ya mpira mgumu usio na upepo, na mpandaji aliyekikaza kwa ghafula aliweza kurushwa kichwangomba juu ya usukani, msiba uliowapata wengi hata wakajifunza kuiogopa breki kuliko mteremko. John Kemp Starley wa Coventry aliiondoa hatari hiyo mwaka 1885 kwa baiskeli yake ya Rover, yenye mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma na magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa. Na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, akaleta tairi la upepo, ambalo, zaidi ya kitu kinginecho, ndilo lililoiua breki ya kijiko. Mpira mgumu waweza kukwaruzwa mwaka baada ya mwaka bila ya mwenyewe kujali, lakini tairi la upepo ni gamba jembamba lililofumbata hewa, na kulisugua kwa chuma kila siku ni kujinunulia pancha kwa fedha yako mwenyewe. Wako waliojaribu kulinusuru kwa kuweka vigurudumu vidogo vya mpira mahali pa kijiko, kama alivyofanya Abram Duck wa California katika miaka ya 1890, ila ilikuwa dhahiri ya kwamba tairi halikufaa tena kuwa chakula cha breki.

Nisidhaniwe nasimulia mambo yaliyokwisha kuzikwa. Mjini Goma na katika vilima vya Kivu ya Kaskazini, vijana wachukuzi huteremka hata leo juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali wala mnyororo, wakiwa wamepakia magunia ya viazi au makaa, na wengi wao huipunguza kasi kwa kukanyaga kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Na aliyeishi katika miji yetu amekwisha kuona, zaidi ya mara moja, mpanda baiskeli aliyekatikiwa na breki akiingiza soli ya kandambili baina ya fremu na tairi. Hiyo ni breki ya Michaux kwa kila hali, isipokuwa kinacholiwa ni kandambili badala ya tairi, na katika hilo naona hekima kubwa, kwa sababu kandambili ni rahisi zaidi.

Ringi ilikuwa shabaha ya pili. Ernest Monnington Bowden alisajili mwaka 1896 waya upitao ndani ya ala, uwezao kuvuta kitu kwa mbali hata ukipindwa, na kwa waya huo breki ikapata njia ya kuufuata usukani popote ugeukapo; lakini kabla ya waya kuenea, na hata baada yake, ilikuwapo breki ya vyuma, ambayo mkono wake huvuta fimbo za chuma zilizounganishwa mpaka vipande viwili vya mpira vikapanda na kubana upande wa ndani wa ringi. Iko na breki ya tatu, ile ifanyayo kazi ndani ya habu pedali zinapokanyagwa kinyumenyume, iliyotoka Marekani kwa jina la New Departure mwaka 1898 na Ujerumani kwa jina la Torpedo mwaka 1903, lakini hiyo haina nafasi katika mbio za barabarani, nami naipita. Ile ya vyuma ndiyo iliyokuwa breki kwa dhati katika Afrika Mashariki kwa muda wa vizazi, kwa kuwa Raleigh za Nottingham, na baada yake Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, zilishuka bandarini zikiwa nayo, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuihudumia kwa bisibisi, koleo na kisu. Raba ilipokwisha alikata nyingine katika tairi bovu la gari, akaichonga, akaisukumiza mahali pake, na safari ikaendelea. Aibu yake ilikuwa mvua, kwani mpira juu ya ringi ya chuma iliyong'arishwa huteleza ikilowa, na mwenye mzigo wa ndizi au madebe ya maji aliyekutwa na mvua mteremkoni alijua kushuka na kuikokota kwa mkono.

Katika mbio, hata hivyo, habari ya ringi ilikuwa ya hatari kuliko hiyo. Mpaka miaka ya 1930 mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalikimbiwa kwa ringi za mbao, kwa sababu tairi za mbio zilibandikwa kwa gundi, na ilihofiwa ya kwamba ringi ya chuma au ya alumini ikipata joto la breki katika miteremko ya milima ya Alps itaiyeyusha gundi hiyo na tairi litoke. Mwaka 1934 Antonin Magne aliyashinda mashindano hayo, na yasemekana ringi zake zilikuwa za aloi nyepesi ya alumini, zilizopakwa rangi zifanane na mbao ili wapinzani wasitambue. Mwaka uliofuata ringi za namna hiyo zilionekana waziwazi, na katika mwaka huo huo Francisco Cepeda, Mhispania, alianguka katika mteremko wa Galibier akafa baada ya siku chache, na wako waliozilaumu ringi mpya. Kama lawama hiyo ilikuwa ya haki au ya kubambikiza, hofu yenyewe ilikuwa na msingi, nayo yafaa ipimwe kwa hesabu: mtu na baiskeli yake, wakiwa na uzani wa kilo 80 kwa jumla, wakiteremka mita 1,000 kwa wima, huacha njiani nishati ipatayo joule 785,000, inayotosha kuchemsha lita mbili za maji baridi na kuzidi; upepo huchukua sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa anayeachia, lakini anayeshika breki kona kwa kona huimwaga ndani ya ringi zake.

Alumini ilishinda, na kwa zaidi ya nusu karne mpira ukaisugua bila ya ugomvi mkubwa, ila kwa siri ambayo wengi hawakuijua au hawakutaka kuijua. Mpira laini hunasa chembe za mchanga na vipande vya alumini yenyewe, kisha huviburura juu ya ringi, na kila mteremko wa siku ya mvua hunyoa ukuta wa ringi kidogo kidogo, mpaka ukuta ambao hapo kwanza ulikuwa kiasi cha milimita moja na nusu umekuwa mwembamba hata shinikizo la tairi likaupasua. Watengenezaji walianza kuchimba kitundu au mfereji mdogo ubavuni mwa ringi, ili utakapofutika mwenye baiskeli ajue kwamba gurudumu limekwisha. Na gurudumu likiisha, haliishi ringi peke yake, kwa maana spoku zote hazina budi kufunguliwa na kufungwa upya, kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye mkono mzuri. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wasemao kwamba breki za zamani zilikuwa rahisi kwa kuwa raba zake zilikwenda mbali. Raba zilikwenda mbali, naam, lakini gharama ilikuwa ikiandikwa katika daftari jingine, na siku ya kulipa ilipofika iliangukia kitu ghali kuliko vyote baada ya fremu. Na ringi za nyuzi za kaboni zilipoenea katika karne hii mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu kaboni haipitishi joto kama alumini, joto likakusanyika mahali pamoja, ringi nyingine zikavimba na kuachana tabaka zake mteremkoni, na katika mvua mpandaji alibana mkono akangoja mizunguko kadhaa ya gurudumu kabla ya kuhisi chochote. Niionavyo mimi, kuifanya ringi ya thamani kubwa kama hiyo iwe uso wa breki lilikuwa kosa ambalo uzuri wa magurudumu ulilificha kwa miaka mingi.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana zamani katika ufundi wa magari, na haikuwa imepokelewa. Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alisajili mwaka 1902 breki ya diski nyembamba ya chuma iliyobanwa na vipande vya shaba nyekundu pande mbili. Lakini shaba ile ilipiga kelele zisizovumilika, na vumbi la barabara za zama zile, ambazo hazikuwa na lami, liliila upesi mno. Tangu siku ya kwanza, basi, umri wa pedi ulikuwa mas'ala. Herbert Frood, aliyeanza kutengeneza vitu vya breki huko Derbyshire mwaka 1897 kwa ajili ya magari ya farasi na kuanzisha kampuni ya Ferodo, alileta mnamo 1908 bitana za asbestosi, zilizovumilia joto na kunyamaza, na kwa asbestosi hiyo breki za magari zikaendeshwa kwa miongo mingi, mpaka madhara ya vumbi lake katika mapafu ya watu yalipothibitika na nchi moja baada ya nyingine zikaipiga marufuku, Uingereza ikimalizia mwaka 1999. Diski yenyewe ilipata heshima yake mwaka 1953, gari la Jaguar lililofungwa diski za Dunlop liliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans, likiwaacha wenye breki za ngoma wakipunguza mwendo mapema kabla ya kila kona. Na haikosi kufurahisha kwamba jina lile lile lililoiondoa breki juu ya tairi la baiskeli ndilo lililoirudisha kwa sura mpya mlango wa pili.

Baiskeli zilijaribu diski katika miaka ya 1970, zikaziacha kwa uzito wake, zikazirudia katika miaka ya 1990 kwa baiskeli za milimani, ambako matope juu ya ringi yalikuwa yamewachosha watu. Wenye mbio za barabarani ndio waliokuwa wa mwisho kukubali. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliruhusu diski katika mbio za matopeni mwaka 2010, likaanza kuzijaribu barabarani Agosti 2015, likayasimamisha majaribio Aprili 2016 baada ya Francisco Ventoso kuumia vibaya mguu katika mbio za Paris–Roubaix na kusema ni diski iliyomkata, neno ambalo wengine walilipinga. Majaribio yakarejeshwa, Marcel Kittel akashinda kwa diski hatua iliyoishia Liège katika Tour ya 2017, na ruhusa kamili ikatolewa tarehe 1 Julai 2018. Leo ni nadra kuona ringi ikibanwa katika mbio za daraja la juu.

Hapo ndipo swali la umri wa pedi lilipoingia katika vinywa vya watu wa barabarani, waliozoea raba zisizokumbukwa. Pedi ni bamba la chuma au alumini lililobandikwa kitu cha msuguano, ambacho kwa baiskeli za barabarani huwa na unene wa kiasi cha milimita mbili, na kampuni ya Shimano hutaka pedi ibadilishwe unene huo ukibakia nusu milimita. Kwa hiyo riziki yote ya mpandaji, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ni milimita moja na nusu au karibu na hapo. Kitu hicho cha msuguano ni cha aina mbili kuu: kile cha rezini, yaani nyuzi na unga mbalimbali vilivyoshikamanishwa kwa gundi, ambacho ni kimya, hushika mapema bila ya kupashwa joto, na huliwa upesi; na kile cha metali, ambacho ni unga wa metali uliokandamizwa na kuokwa hata ukagandamana, kinachostahimili joto na mvua na kuishi muda mrefu zaidi, lakini hupiga kelele, hupeleka joto jingi katika mafuta ya breki, na huila diski. Wala si kila diski huipokea pedi ya metali, kwa maana ziko diski za feleji laini zilizoandikwa waziwazi kwamba ni za rezini tu, na mwenye kupuuza maandishi hayo ataipunguza diski yake, ambayo ikiwa mpya ina unene wa milimita 1.8, mpaka ifike 1.5, kikomo cha Shimano, kwa muda mfupi wa kusikitisha.

Lakini aina ya pedi ni nusu ya habari tu. Mtu wa tambarare, katika nchi kavu, huenda akasahau kabisa kwamba ana pedi. Mtu yule yule akihamia penye vilima na mvua ataona zikiyeyuka, kwa sababu maji yaliyochanganyika na mchanga hugeuka kuwa msasa ulioingia mahali pasipotakiwa, na mara nyingi pedi za nyuma huliwa zaidi katika hali hiyo kwa kuwa gurudumu la mbele huzirushia uchafu, ijapokuwa breki ya mbele ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Iko pia tabia ya mpandaji. Anayeshikilia breki kwa woga tangu kileleni mpaka bondeni huzipika pedi zake, na rezini iliyopikwa hugeuka kama kioo, ikateleza na kulia. Anayebana kwa nguvu kabla ya kona kisha akaachia huzipa nafasi ya kupoa, zikamhudumia mbali zaidi. Aidha pedi mpya hazina budi kuzoeshwa, kwa kubana na kuachia mara ishirini hivi kutoka mwendo wa wastani, ili tabaka jembamba la kitu chake lihamie juu ya diski na kulala sawasawa. Na asiyefanya hivyo huzitupa kwa kelele na udhaifu kabla ya kuzijua. Tone la mafuta ya mnyororo, au kidole chenye mafuta, laweza kuziharibu katika dakika moja jozi ambazo hazijaliwa hata robo, na huo ndio mwisho wa pedi nyingi kuliko wapandaji wanavyokiri.

Breki za diski zinazoendeshwa kwa mafuta zina adabu moja yenye hatari ndani yake. Kila pedi inapopungua, pistoni husogea mbele kidogo na kubaki hapo, hata mkono wa breki ukahisi vile vile mwezi wa kwanza na wa sita. Tofauti na breki ya waya, ambayo mkono wake huukaribia usukani siku hadi siku na kumkumbusha mwenyewe kwamba kuna kitu kinakwisha, hii ya mafuta humficha mwenyewe habari mpaka asikie chuma kikikwaruza chuma, na hapo diski nayo imekwisha kuingia hasarani. Kwa hiyo dawa ya pekee ni kutoa gurudumu na kutazama, au kupenyeza mwanga ndani ya kalipa, kile kishikio cha pedi, na kuupima unene kwa jicho, kila baada ya kilomita mia kadhaa, na baada ya kila safari ya matope.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yaliletwa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, na wanaume walikimbia kilomita 267.5 zenye kupanda kwa jumla ya mita 5,475, ambazo karibu zote ziliteremkwa tena. Tadej Pogačar akashinda, na mafundi wa timu, wenye masanduku yaliyojaa pedi, hawakuwa na sababu ya kuzihesabia kilomita. Katika vilima hivyo hivyo ziko baiskeli za chuma zinazoshuka na ndizi na maziwa kwa raba na fimbo, na zikichakaa hupona kwa kipande cha tairi na kisu. Diski haina njia hiyo. Pedi zake zina maumbo mengi yasiyoingiliana, kila mtengenezaji na yake, na mara nyingi kila muundo wa kalipa na yake, wala hakuna fundi wa Mwanza au Bukavu awezaye kuichonga moja kwa mkono ikamtoa mtu milimani. Anayenunua leo baiskeli ya diski iliyokwisha kutumika, ikiwa imefika kwa kontena kutoka Ulaya, afadhali kabla ya kuulizia bei azitoe pedi zake, atazame umbo na namba yake, kisha apite madukani kuulizia kama zinapatikana; nazo zikikosekana, aagize jozi mbili tatu pamoja na baiskeli yenyewe.